Kebo ya seriali, disketi au kadi: njia ipi itatoa faili salama kutoka kompyuta kongwe ya kubebeka?

Kompyuta za kubebeka za miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 bado zimo katika nyumba na ofisi za Mombasa, ijapokuwa ni nadra kuziona mezani. Huenda ikawa kabatini katika ofisi ya uwakala wa forodha iliyohamia mfumo mpya zamani, sandukuni mwa mwalimu mstaafu, au nyumbani kwa mtu aliyerudi kutoka ng'ambo na mashine aliyoitumia masomoni. Aghalabu mashine yenyewe haina bei kubwa. Chenye thamani ni maandishi yaliyomo, kwa kuwa hayakuwahi kuchapishwa wala kunakiliwa kwingine: tenzi zilizopigwa chapa na mzee ambaye sasa ni marehemu, hesabu za chama cha mtaa, kumbukumbu za ukoo. Maandishi ya namna hiyo yakipotea hayana badali, na ndiyo maana uchaguzi wa njia ya kuyahamisha unastahili kufikiriwa kabla mtu hajagusa swichi yoyote.

Ulinganisho huu unahusu njia tatu: kuunganisha kompyuta mbili kwa kebo ya seriali (inayopitisha data biti moja baada ya nyingine), kutumia disketi, na kutumia kadi ya kumbukumbu au diski ngumu yenyewe. Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa mtu anayetaka kuokoa faili zake, kebo ya seriali ndiyo chaguo la kwanza karibu kila mara. Disketi ni ya pili, na katika mji wa pwani ina hatari zake. Kadi huzishinda zote mbili, lakini pale tu ambapo mashine ina tundu la kuipokea.

Mashine yenyewe ndiyo huamua kwanza

Igeuze kompyuta utazame matundu yake. TRS-80 Model 100, iliyoundwa na Kyocera na kuuzwa na Radio Shack kuanzia mwaka 1983, haina draivu ya disketi ndani yake. Faili zake zimo katika RAM isiyozidi kilobaiti 32, na zinabaki hai kwa nguvu za betri tu. Toshiba T1000 ya mwaka 1987 ina draivu moja ya disketi za inchi 3.5 za kilobaiti 720, na kwa sababu mfumo endeshi wake, MS-DOS 2.11, umo katika ROM (kumbukumbu ya kudumu) yake, huwaka hata bila disketi. Ndugu yake, T1200, iliweza kuja na diski ngumu ya megabaiti 20. HP 200LX ya mwaka 1994, inayoenea mfukoni, haina disketi kabisa lakini ina tundu la PCMCIA, aina ya kadi bapa za kuchomeka za laptopu za zamani. Laptopu za katikati ya miaka ya 1990 kwa kawaida zina disketi, PCMCIA na seriali kwa pamoja.

Kitu kimoja tu kinapatikana katika mashine zote nilizozitaja, nacho ni poti (tundu) ya seriali. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuiweka mbele ya nyingine, wala si ya pekee.

Kebo ya seriali: ya polepole, lakini haiharibu

Kiwango cha RS-232, kinachotumiwa na poti hizi, kilianza mwaka 1960, na kimedumu kiasi kwamba kompyuta ya mwaka 1983 na kompyuta iliyonunuliwa mwaka huu bado zinaweza kuzungumza bila mkalimani wa gharama. Kompyuta mpya haina poti hiyo, lakini adapta ya USB yenye chipu ya FTDI au CH340 huitoa, nayo huonekana katika Windows kama poti ya COM na katika Linux kama ttyUSB0. Adapta zenye chipu za Prolific pia hufanya kazi, ila programu-endeshi (draivu) mpya za Windows huzikataa chipu za zamani au za bandia za aina hiyo, kwa hiyo anayenunua dukani bila kujua kilichomo ndani na aulize kwanza, au aombe kuijaribu kabla ya kulipa.

Kuna tahadhari moja ninayoisisitiza kuliko zote za upande huu. Maduka yanayouza vifaa vya elektroniki kwa wanafunzi huwa na vibao vidogo vya USB vya kuunganishia Arduino (kompyuta ndogo ya kujifunzia elektroniki), na muuzaji anaweza kukuambia kwa nia njema kabisa kwamba hiyo ni seriali. Ni kweli ni seriali, lakini ni ya volti 3.3 au 5, ilhali RS-232 hutumia volti za chanya na hasi zinazoweza kufika 15 kila upande. Ukiunganisha kibao hicho moja kwa moja na kompyuta kongwe, utakiunguza, na faili hazitafika. Unachohitaji ni adapta yenye kichwa cha pini 9, au kibao hicho kikiwa kimeongezewa chipu ya MAX3232.

Kebo yenyewe lazima iwe ya kuvuka, yaani waya wa kutuma wa upande mmoja uingie kwenye pini ya kupokelea ya upande wa pili. Watu wengi hukwama hapa, kwa sababu kichwa cha pini 9 na kile cha pini 25 havihesabu pini kwa mpangilio mmoja. Kwenye kichwa cha pini 9, pini ya 2 hupokea na ya 3 hutuma. Kwenye kile cha pini 25 cha kompyuta, pini ya 2 hutuma na ya 3 hupokea. Kwa hiyo kebo ya kuvuka kati ya kichwa cha 9 na cha 25 huunganisha 2 na 2, 3 na 3, kisha 5 na 7 kwa waya wa ardhi. Ukitaka kompyuta ziweze kusimamishana mwendo kwa waya, ongeza 7 ya upande wa pini 9 kwenda 5 ya upande wa pini 25, na 8 kwenda 4. Fundi yeyote anayelehemu vizuri huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Chunga pia usikosee tundu: katika kompyuta za jamii ya IBM, kichwa cha pini 25 chenye pini zilizochomoza ndicho cha seriali, na kile chenye matundu ni cha printa. Katika Model 100, kinyume chake, tundu la seriali lenyewe ni la matundu.

Kuhusu mwendo, hesabu ni rahisi, na nadhani watu huuogopa upole wa seriali kuliko inavyostahili. Kila baiti hubebwa na biti 10, kwa hiyo kasi ya biti 9600 kwa sekunde hupitisha baiti 960 kwa sekunde. Kumbukumbu yote ya Model 100 iliyojaa humalizika kwa takriban nusu dakika. Disketi nzima ya kilobaiti 720 huchukua kama dakika 13. Kwa kasi ya 115200, ambayo ndiyo kikomo cha poti za kawaida za kompyuta za jamii ya IBM, disketi hiyo hiyo ingechukua zaidi ya dakika moja kidogo, lakini mashine nyingi za miaka ya 1980 haziwezi kumeza data kwa mwendo huo, kwa sababu chipu yake ya seriali, 8250, hushika baiti moja tu kwa wakati, na baiti inayofuata ikifika kabla ya ile kuchukuliwa, ya kwanza hufutika. Chipu ya 16550A, iliyokuja baadaye, hushika baiti 16 na huvumilia zaidi.

Diski ngumu ya megabaiti 20 ndipo seriali inapoonyesha udhaifu wake: kwa 9600 ni saa sita na dakika kadhaa. Katika mji ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, na betri ya kompyuta kongwe imekwisha kufa zamani, saa sita ni nyingi. Dawa yake si kuacha njia hii bali kuchagua itifaki ya kuhamishia, yaani kanuni ambazo kompyuta mbili hufuata zinapopeana faili. XMODEM, iliyobuniwa na Ward Christensen mwaka 1977, hugawa faili katika mafungu ya baiti 128 na kusubiri jibu baada ya kila fungu, mfano wa karani wa bandarini asiyeruhusu shehena inayofuata kushushwa kabla hajaihesabu iliyotangulia. Ni salama, na karibu kila programu ya mawasiliano inaijua, lakini umeme ukikatika huanza upya. Kermit, iliyotoka Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1981, hutuma mafaili mengi kwa mfululizo pamoja na majina yake, na hupita hata kwenye njia zisizokubali biti 8. ZMODEM, iliyoandikwa na Chuck Forsberg mwaka 1986, inaweza kuendelea pale ilipokatikia. Kwa faili chache nitachukua XMODEM. Kwa saraka (folda) nyingi nitachukua Kermit. Na kwa mafaili makubwa mahali ambapo stima hairudi kwa ahadi, ZMODEM.

Upande wa kompyuta mpya, Tera Term kwenye Windows inazijua itifaki hizo zote tatu. PuTTY, ambayo wengi wanayo tayari, haizijui, na mtu anaweza kupoteza jioni nzima akitafuta menyu isiyokuwapo. Kwenye Linux, minicom pamoja na lrzsz hutosha kwa XMODEM na ZMODEM.

Upande wa kompyuta kongwe hutegemea kilichomo. Model 100 ni ya raha kuliko zote, maana programu ya mawasiliano ya TELCOM imo ndani tangu kiwandani. Unaingia TELCOM, unabonyeza F3 na kuandika 88N1E, yaani kasi ya 9600, biti 8, bila pariti (biti ya ukaguzi), biti moja ya kusimamia, na kusimamishana kwa XON/XOFF (herufi maalumu za "endelea" na "subiri") kukiwa kumewashwa. Kisha F4 kuingia kwenye mawasiliano na F3 kutuma faili. Ile E ya mwisho usiiache, kwa sababu skrini ya mashine hii hupanda mistari polepole, na bila kusimamishana herufi zitakazoingia kutoka nje zitapotea. TELCOM hutuma maandishi tu. Programu za BASIC zihifadhi kwanza kama maandishi. Kabla ya yote hayo, weka betri nne mpya za AA na usiguse kabisa swichi ya kumbukumbu iliyo chini ya mashine, kwa kuwa kuizima ni kufuta kila kitu. Ukitumia adapta ya umeme badala ya betri, mashine hii inataka volti 6 za DC, na katikati ya kichwa ni hasi, si chanya kama ilivyozoeleka kwa vifaa vingi vya leo.

Kompyuta ya DOS ambayo haina programu yoyote ya mawasiliano huleta swali gumu kidogo: utaiingizaje Kermit kabla ya kuwa na Kermit? Kwa faili za maandishi huihitaji. Amri ya MODE COM1:9600,N,8,1 huandaa poti, kisha COPY hutuma faili kwenda COM1, na Tera Term upande wa pili huandika kila kinachofika. Hakuna ukaguzi wowote hapo, kwa hiyo tuma mara mbili na ulinganishe nakala. Kwa faili zisizo za maandishi, njia iliyo safi ni kuweka Kermit kwenye disketi moja, na hapo ndipo utakapoona kwamba njia hizi tatu hazishindani kila siku. Wakati mwingine moja humfungulia mlango mwenzake. Kumbuka pia kwamba MODE ya DOS iliyotangulia toleo la 3.3 haikubali 19200, basi usiilaumu kebo.

Disketi: ya haraka, lakini pwani haiipendi

Kwa anayetazama juu juu, disketi ni njia nyepesi kuliko zote. Unanunua draivu ya nje ya USB, unachomeka, Windows inaionyesha kama A:, unanakili, umemaliza. Ikifanya kazi hivyo, ni ya haraka kuliko seriali ya 9600 kwa mbali, wala haihitaji mtu kujua pini wala itifaki. Mwenye disketi nyingi zilizoandikwa na laptopu iliyokwisha kufa hana chaguo jingine, na hapo sina pingamizi.

Pingamizi langu ni juu ya vitu vitatu. Cha kwanza ni hewa ya Mombasa. Unyevu wa pwani, hasa wakati wa masika, huotesha kuvu juu ya utando wa sumaku wa disketi, na chumvi ya bahari hutafuna vyuma. Kuvu haionekani mpaka usukume kile kifuniko cha chuma na kuuzungusha utando taratibu mbele ya mwanga. Ukiona madoa ya kijivu au mviringo kama wa ukoga, usiiingize katika draivu. Disketi yenye kuvu haijiharibu peke yake: huchafua kichwa cha kusomea, na kichwa hicho kichafu hukwaruza disketi nzima inayofuata. Nimewaona watu wakipoteza disketi nzuri kwa kuzisoma baada ya mbovu, na inauma, kwa sababu ilikuwa inaepukika. Utando unaweza kusafishwa kwa alkoholi ya isopropili na pamba laini, na kichwa cha draivu kisafishwe kila baada ya disketi yenye shaka.

Cha pili ni ujazo. Disketi za inchi 3.5 zilikuwa za kilobaiti 720 na baadaye za megabaiti 1.44, na hizi za baadaye zina tundu la pili kwenye kona. T1000 husoma za 720 tu. Draivu nyingi za USB husoma zote mbili, lakini baadhi hukataa kuumbiza (format) disketi ya 720, kwa hiyo umbiza kwenye kompyuta kongwe yenyewe. Kuna wanaoziba lile tundu kwa utepe ili disketi ya 1.44 ionekane kuwa ya 720. Hufanya kazi kwa muda, lakini utando wa aina hiyo una sumaku iliyotengenezwa kwa uandishi wa nguvu nyingine, na data iliyoandikwa hivyo si ya kutumainiwa. Kwa kazi ya dakika tano ya kubeba Kermit, sawa. Kwa hifadhi, hapana. Disketi mpya nazo zimeadimika tangu Sony ilipoacha kuziuza mwaka 2011, na zinazopatikana ni akiba ya zamani.

Cha tatu ni draivu ya kompyuta kongwe yenyewe. Kapasita zake huvuja kwa uzee, mafuta hukauka, na kichwa kinaweza kuwa kimehama kidogo kutoka mahali pake, hata ikawa disketi zilizoandikwa na mashine hiyo zinasomeka kwake tu. Mtu huona faili zote kwenye skrini ya Toshiba, akazinakili kwenye disketi kwa furaha, kisha draivu ya USB ikadai kwamba disketi haijaumbizwa. Windows ikiuliza kama unataka kuiumbiza, jibu ni hapana. Hapo ndipo unaporudi kwenye seriali.

Disketi za inchi 5.25, au zile zilizoandikwa kwa mpangilio usio wa IBM, hazisomwi na draivu ya USB hata kidogo. Kwa hizo kuna Greaseweazle, kibao kilichobuniwa na Keir Fraser ambacho huunganishwa na draivu ya kawaida ya nyaya 34 na kusoma mapigo ya sumaku yenyewe badala ya faili, kisha programu huyatafsiri baadaye. Kinatakiwa kuagizwa kutoka nje na kinahitaji subira, lakini kwa disketi iliyo mahututi ndicho ningekitumia kwanza, kwa sababu kinachukua kila kinachoweza kuchukuliwa kwa kuizungusha mara chache.

Kadi na diski ngumu

Mwenye tundu la PCMCIA ana bahati. Kadi ya CompactFlash ni sawa kiumeme na kadi ya PCMCIA ya biti 16, kwa hiyo adapta yake ni kipande cha plastiki chenye pini tu, bila chipu ya kati. Unaiingiza kadi katika HP 200LX, unanakili, unaitoa na kuichomeka kwenye kisomaji cha USB cha kompyuta mpya. Hakuna kebo, hakuna kasi ya kuchagua, na kadi haina sehemu inayozunguka wala utando wa kuota kuvu. Kwa mtu anayetaka kuendelea kuitumia kompyuta kongwe kila siku, akiandika huko na kuchapisha huku, hakuna njia inayoikaribia hii.

Mipaka yake ni ya ujazo na ya umri. DOS iliyotangulia toleo la 3.31 haiwezi kutumia sehemu ya diski inayozidi megabaiti 32, na FAT16 (mpangilio wa faili wa DOS) katika matoleo ya baadaye hukomea gigabaiti 2, kwa hiyo tafuta kadi ndogo, wala usishawishike na kubwa kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Iumbize kwa FAT16, si FAT32 wala exFAT. Baadhi ya laptopu za DOS pia huhitaji programu-endeshi (draivu) za Card Services zipakiwe kwanza ndipo tundu litambulike, na draivu hizo zisipokuwepo katika diski yake itabidi uziingize kwa disketi au seriali.

Kutoa diski ngumu na kuisoma kwa adapta ya USB ni wazo linalowavutia mafundi wengi, kwa sababu ndilo wanalolifanya kila siku kwa laptopu za kisasa. Kwa diski za IDE (kiunganishi cha kawaida cha diski za wakati huo) za pini 44 za katikati ya miaka ya 1990 huenda likafaa. Kwa za kabla ya hapo naomba fundi asubiri. Diski ya Toshiba T1200 haitumii IDE kabisa, hivyo hakuna adapta ya dukani itakayoiingia. Hata miongoni mwa diski za IDE, zile za mwanzo hazijui anwani za LBA (namba moja ya mfululizo kwa kila kipande cha diski), ambazo adapta za USB huzitegemea, na matokeo yake ni diski inayozunguka vizuri lakini haionekani. Juu ya hayo, kufungua plastiki ya miaka thelathini na zaidi kuna bei yake: vishikizo huvunjika, na utepe wa nyaya wa kibodi ukichanika, kompyuta ambayo ingeweza kutuma faili zake kwa kebo haitatuma tena.

Njia nyingine kwa ufupi

Poti ya printa iliweza kuhamisha data haraka kuliko seriali kwa programu kama LapLink, lakini adapta za USB za printa zinazouzwa leo zinaelewa printa tu, kwa hiyo njia hiyo inahitaji kompyuta ya pili yenye poti halisi. INTERLNK, programu ya kuunganisha kompyuta mbili iliyokuja na MS-DOS 6 mwaka 1993, nayo hutaka DOS pande zote mbili. Laptopu yenye kadi ya mtandao ya PCMCIA ya biti 16 inaweza kuendesha mTCP ya Michael Brutman, ambayo huipa DOS seva ya FTP (ya kuhamisha faili kwa mtandao), na hapo kasi huwa nzuri sana. Ni njia ya anayefurahia kupanga programu-endeshi. Model 100 inaweza pia kutoa faili kupitia tundu lake la kaseti kama sauti, nayo kompyuta mpya ikairekodi, lakini kwa mashine yenye TELCOM sioni sababu ya kufanya hivyo isipokuwa poti ya seriali imekufa.

Kitu kimoja ambacho hakistahili kupitwa haraka ni laptopu ya kati. Laptopu nyingi za kazini zilizotoka kati ya mwaka 2000 na 2005 zina USB, seriali halisi ya pini 9, poti ya printa, tundu la PCMCIA, na mara nyingi draivu ya disketi. Zinapatikana katika bidhaa za mitumba na hazina mnunuzi. Mtu anayetarajia kuokoa mashine zaidi ya moja, au fundi anayetaka kuwahudumia wengine, apate moja kabla ya kununua adapta hata moja: inapokea kwa njia yoyote iliyo hai katika kompyuta kongwe, na kutoa kwa flashi.

Kuchagua

Ukiwa na Model 100 au nyingine ya aina yake, chukua seriali bila kusita. Ukiwa na laptopu ya DOS yenye draivu ya disketi inayofanya kazi na faili chache, jaribu disketi safi kwanza, lakini nakili kutoka kwenye mashine kabla ya kuandika chochote ndani yake, na disketi ya kwanza ikikataa usirudierudie, hamia kebo. Ukiwa na T1200 au nyingine yenye diski ngumu isiyo ya IDE, seriali tena, kwa ZMODEM, huku kompyuta zote mbili zikiwa nyuma ya UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), na faili muhimu zitangulie badala ya kunakili diski nzima kwa mpangilio wake. Ukiwa na PCMCIA, kadi. Ukiwa na disketi tu bila mashine, draivu ya USB kwa zile safi na Greaseweazle kwa zilizobaki. Mashine za Marekani zinazotaka volti 120 zisichomekwe kwenye volti 240 za kwetu bila transfoma, hata kwa kujaribu tu.

Faili zikifika, zihifadhi kwanza jinsi zilivyo kabla ya kuzifungua kwa programu yoyote. XMODEM hujaza fungu la mwisho, kwa hiyo faili inaweza kuwa imerefuka kwa baiti zisizofika 128; haidhuru kitu kwenye maandishi. Nyaraka za programu ya kuandikia ya WordPerfect hufunguka katika LibreOffice. Zile za WordStar za zamani huwasha biti ya nane kwenye herufi ya mwisho ya maneno mengi, hivyo zikifunguliwa kama maandishi ya kawaida huonekana zimejaa alama za ajabu, na mwenyewe akadhani zimeharibika njiani. Hazikuharibika, ni kiasi cha kuizima biti hiyo. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama za juu ya herufi, kwa hiyo hupita salama kutoka jedwali la herufi la DOS hadi la leo, hata ng' yenyewe. Maandishi yaliyochapwa kwa hati za Kiarabu ni jambo jingine: programu za wakati huo zilitumia majedwali tofauti ya herufi, na ni lazima uhifadhi pia programu iliyoandikia, pamoja na picha ya skrini ikionyesha ukurasa mmoja, ili atakayeyabadilisha baadaye awe na cha kulinganishia.